Siku Hizi Brent Anapuliza Tu

Tangu alfajiri Verna Stidham alikuwa amesimama kwenye jiko la shule anakopika, na sasa alikuwa amesimama tena jikoni kwake, miguu imevimba, anamenya viazi ambavyo hata yeye mwenyewe hakuwa na hamu navyo. Upande wa pili wa ukuta ni gereji. Humo mwanawe Brent na binamu yake Rodney walikuwa wakijiandaa kwa Ijumaa, siku ambayo ukumbi wa maveterani, wale wanajeshi wastaafu, hukaanga samaki, na watu wa mjini huja kula na kusikiliza nyimbo za roki za ujana wao. Rodney anaimba na kupiga gitaa. Brent ni wa harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo. Mpiga ngoma huja siku akijisikia.

Wimbo ulianza. Verna akaacha kisu.

Hakusoma muziki mahali popote. Lakini aliolewa na Harlan Stidham, na mwanamke aliyeolewa na mpiga harmonika hulala na harmonika, huamka na harmonika, na hata asipotaka atajua. Kila harmonika ina ufunguo wake, umechongwa ubavuni kwa herufi. Mtu anayeanza huuliza wimbo uko kwenye ufunguo gani, akachukua harmonika ya herufi ileile, akapuliza, na sauti inatoka safi, tamu, kama watoto wa kanisani. Watu wa roki hawafanyi hivyo. Harlan alikuwa akimkalisha Brent mezani, bado mdogo, akamhesabia kwa vidole: "Wimbo uko E? Haya: E, F, G, A. Chukua ya A. Wimbo uko G? G, A, B, C. Chukua ya C. Halafu usipulize, mwanangu. Vuta. Vuta mpaka ilie." Kwa sababu ukichukua ya herufi ya nne, nyumbani kwa wimbo huwa ni tundu la pili, na tundu hilo hulia kwa kuvuta pumzi ndani. Hapo ndipo sauti inapokwaruza na kupinda kama mtu mwenye kinyongo.

Wimbo wa gerejini ulikuwa E, Verna aliusikia kwenye gitaa. Na harmonika iliyokuwa ikilia ilikuwa ya E. Safi. Tamu. Inapulizwa.

"Simama, simama!" Rodney akapaza sauti. "Wewe bwana, tunapiga roki au tunalaza watoto?"

"Imekukera nini?"

"Huu wimbo ni wa dereva wa lori aliyeachwa na mke. Wewe unampigia kama amepewa biskuti."

"Ladha hubadilika, Rod."

"Ladha ibadilike, sawa, lakini siyo kila wimbo! Wiki iliyopita hivyo, juzi hivyo. Iko wapi ile ya A?"

"Imeharibika."

"Na ya C?"

"Nayo."

"Na ile nene ya G, ya baba yako?"

Brent aliifuta harmonika kwa shati. Akakohoa kidogo, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, kisha akasema, "Piga wimbo bwana, nimechoka."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakuwahi kukaa na mpiga harmonika. Kikohozi cha mtu mwenye harmonika mdomoni kinafichika vizuri sana, kwa sababu kila mtu anasikiliza harmonika.

Jioni Rodney aliingia jikoni kuaga, akachomoa kipande cha nyama kwenye sufuria bila kuomba, kama alivyozoea tangu utotoni.

"Shangazi, mwambie mtoto wako. Ijumaa watanirushia mikia ya samaki."

"Kwani lini alianza hivyo?"

"Sijui. Tangu majira ya kuchipua? Kwanza aliacha zile nene, zile za sauti ya chini. Akasema zinakula pumzi. Halafu sasa hata zile nyembamba havuti, anapuliza tu. Uvivu huo, shangazi. Tangu wamfanye msimamizi kazini amekuwa mzee ghafla."

Alitoka akicheka. Verna hakucheka. Neno moja lilibaki naye: pumzi.

Brent anakata mawe. Siyo mawe ya makaburi, ni yale mawe ya kutengenezwa kiwandani ambayo kila mtu siku hizi anayataka yawe meza za jikoni kwake, meupe, yanayong'aa, hayaingii madoa. Vibao vinakuja vizima, wao wanavikata kwa msumeno, wanatoboa nafasi ya sinki, wanang'arisha kingo. Anarudi nyumbani mweupe kama ametoka kwenye unga. Verna mwenyewe ndiye aliyekuwa akikung'uta zile nguo kibarazani. Alikuwa akilalamikia mashine yake ya kufulia, kwamba itaharibika. Mashine! Mwanamke anahurumia mashine.

Usiku huo hakulala vizuri, na kesho yake akawapikia watu mia kadhaa makaroni na jibini bila kuyaona. Mtu aliyechoka hutafuta maelezo mepesi. Labda ni uvivu. Labda ni ile talaka ya Brent na mkewe. Labda ni umri, mbona hata yeye akipanda ngazi anahema. Kila alipopata labda mpya alipumzika kidogo, na labda ile ikaisha, akabaki na lile neno, pumzi.

Alipofika nyumbani Brent alikuwa mezani, anakunywa kahawa. Verna hakuvua koti. Alikwenda chumbani kwa mwanawe, akafungua sanduku la harmonika, akazikuta ya A na ya C, nzima, zimekaa mahali pake. Akarudi na ile ya A, akaiweka mezani karibu na kikombe.

"Umesema imeharibika."

"Mama, nimetoka kazini."

"Na mimi nimetoka kazini. Tundu la pili. Vuta."

"Nini sasa, mtihani?"

"Sauti moja tu. Ndefu, kama baba yako alivyokuwa akiivuta mpaka mbwa wa jirani anaanza kulia. Vuta moja, nitakuacha uende ukalale."

Brent alitabasamu lile tabasamu la kutaka kuponyoka. Akaichukua. Akapuliza, ikatoka sauti nzuri.

"Sikusema upulize."

"Mama..."

"Vuta, Brent."

Akavuta. Sauti ilianza vizuri, nene, ile yenyewe, na Verna kwa muda mfupi akawa na furaha ya kijinga. Halafu ikakatika. Kikohozi kilimshika Brent kikamkunja juu ya meza, kikamwachia, kikamshika tena, uso ukawa mwekundu kisha wa kijivu, na kahawa ikamwagika akiwa anashika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye mashua. Verna alimshika mgongo. Chini ya shati aliisikia mifupa ambayo hakuijua.

Alipotulia hakumtazama mama yake.

"Tangu lini?" Verna akauliza.

"Pasaka. Au kabla kidogo."

"Na ukaona ubadilishe harmonika."

"Ningefanya nini? Nikivuta kwa nguvu kikohozi kinakuja. Nikipuliza hakiji. Basi nikawa nachukua ya herufi ya wimbo, napuliza, watu wanapiga makofi. Hawajui."

"Mimi najua."

"Wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa."

Akaeleza, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Msumeno una mpira wa maji wa kulaza vumbi. Lakini maji yanageuza sakafu kuwa matope, na wakati wa baridi yanaganda, na kazi zikawa nyingi, basi wakawa wanakata pakavu. Alipofanywa msimamizi angeweza kusema hapana. Hakusema. Barakoa zipo, za karatasi. Mtu anaivaa asubuhi, saa nne anaitupa kwa sababu pumzi inatia ukungu kwenye miwani, haoni.

"Nikienda hospitali wataniambia niache," akasema. "Nina miaka thelathini na minne, mama. Najua kukata mawe na kupuliza harmonika. Unataka nibaki na kipi?"

Verna alifunga vifungo vya koti. Mtu aliyechoka ana neema moja, hana nguvu za kubishana. Akachukua funguo za gari, akasema, "Vaa viatu."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alipiga picha ya kifua, akaomba na nyingine ya mashine kubwa, akarudi siku ya pili yake akaiweka kwenye mwanga. Hakuzungusha maneno. Unga wa yale mawe ukiingia mapafuni hautoki, alisema, na mapafu huufunika kwa makovu, na makovu hayapumui. Haya yaliyopo hayatafutika. Kuna ugonjwa huu unaoenda polepole na kuna unaokimbia, hatujui bado wako ni upi. Ila vumbi ni leo mwisho.

"Ningekuja Pasaka?" Brent akauliza.

Daktari aligusa picha kwa kidole, palipokuwa na makovu. "Ungekuja Pasaka kungekuwa na nafasi zaidi ya kupumulia," akasema.

Garini Brent alikaa mkono mmoja kifuani. Wakapita ukumbi wa maveterani, ambako kibao cha kutangaza samaki kilikuwa kimeshatolewa nje, na wala hakugeuza kichwa. Kisha akatoa simu.

"Nampigia Efraín," akasema. "Tunafanya naye kazi kwenye msumeno mmoja."

Akaiweka simu kwenye spika kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Efraín alipokea akipiga kelele, maana nyuma yake msumeno ulikuwa ukinguruma, na Verna, ambaye sasa alikuwa anajifunza kusikiliza mambo mengine, alisikia kwamba hakuna sauti ya maji.

"Bosi! Umepotelea wapi? Tuna jikoni mbili za leo!"

"Efra, sikiliza. Acha hiyo kazi. Nenda ukapige picha ya kifua. Leo."

"Nina nini? Mimi mzima, bwana." Akakohoa, kifupi, kusafisha koo. "Wiki ijayo nitaangalia. Tumalize hizi mbili kwanza."

"Efra, mimi ni mgonjwa."

"Pole sana, bosi. Pole kabisa. Wiki ijayo, naahidi."

Verna akaegesha gari kando ya barabara. Akaichukua ile simu mkononi mwa mwanawe.

"Efraín, mimi ni mama yake Brent."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako yupo hai?"

Msumeno uliendelea kunguruma. "Yupo, mama. Yuko hapahapa mjini. Kwa nini?"

"Nipe namba yake," Verna akasema. "Taja polepole, naandika."