Dakika Tatu Mbele ya Kamati

Kila asubuhi babu yangu Orrin Tveit huvunja yai juu ya kahawa iliyosagwa, hulikoroga pamoja na ganda lake, kisha husimama jikoni kungoja sufuria ichemke. Siku ile yai lilikuwa bado mkononi simu ilipolia.

"Kikao kimesogezwa," alisema Bi. Renske wa ofisi ya maveterani ya kaunti yetu. "Si Alhamisi tena. Ni leo, saa nne, kule bungeni Madison. Mtawahi?"

Babu alilirudisha yai kwenye friji. Akalitoa. Akalirudisha tena.

Muswada tuliokuwa tukienda kuutetea mbele ya kamati ya bunge la jimbo ulikuwa mfupi. Wanajeshi waliofukuzwa jeshini na kupewa hati mbaya ya kuachishwa wachunguzwe upya na jimbo, mmoja mmoja, na wanaostahili wapewe kile wanachopewa wenzao: matibabu, nafasi katika nyumba ya wazee, kaburi katika makaburi ya wanajeshi. Babu hakutaka matibabu wala nyumba. Mdogo wake, Dag, aliyeuawa Vietnam, amelala katika makaburi hayo. Babu alitoka vita ile ile kuja kumzika, akaripoti kambi moja hukuhuku nchini, na baada ya wiki tatu akatoka getini kwa miguu. Alijificha siku sitini na mbili katika zizi la ng'ombe la shangazi yake. Hati yake ikaharibika hapo. Msimu uliopita wa majani kupukutika daktari alimwambia moyo wake hauna miaka mingi.

Lakini njia nzima, saa mbili na nusu za theluji, aliniambia jambo moja tu: "Naenda kuwasemea wenzangu, Maren. Mimi sina shida."

Kwenye orodha ya kamati muswada wetu ulikuwa wa tatu, ukasogezwa ukawa wa sita. Babu alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akafungua karatasi yake, akaikunja. Mwishowe alisimama kando ya mlango na koti lake mkononi. Lyle Brandvold wa klabu ya maveterani, aliyekuja kwa ajili ya muswada wa namba maalumu za magari yao, alimwona.

"Tveit! Karibu na mlango, kama kawaida yako!"

Watu wawili watatu walicheka. Babu alicheka kuliko wote. "Nakukingia baridi, Lyle. Mifupa yako najua ilivyo." Kisha akatoka nje.

Dakika tano baadaye mwenyekiti wa kamati, Seneta Hruska, aliita jina lake. Akaliita mara ya pili.

"Hayupo. Tuendelee."

"Yupo!"

Sikujua kwamba ni mimi hadi vichwa vyote vilipogeuka. Mimi ambaye dukani nikirudishiwa chenji pungufu hunyamaza nikaenda zangu. "Yupo, mheshimiwa. Yuko nje. Naomba... naomba mumngoje."

Seneta alitazama saa ya ukutani. "Nakupa dakika moja, binti."

Nilimkuta kwenye ngazi, koti limefungwa vifungo vyote, ufunguo wa gari mkononi.

"Twende, mjukuu wangu. Gari litaganda."

"Babu, wamekuita."

"Lyle atawaambia. Anapenda kipaza sauti."

"Lyle amekuja kwa mambo ya namba za magari." Nikamshika mkono wa koti. "Unaogopa?"

"Tangu mwaka wa sitini na tisa."

"Mimi nimepiga kelele mle ndani," nikasema. "Mbele ya watu wote. Kwamba upo."

"Wewe? Kelele?"

"Ndiyo."

"Basi dunia imekwisha," akasema, akageuka, akapanda ngazi.

Kila shahidi alikuwa na dakika tatu. Taa ya kijani iliwaka mezani naye akaanza kusoma karatasi yake: wenzetu wengi, wenzetu waliosahauliwa, wenzetu wasio na msemaji. Maneno mazuri, tuliyaandika pamoja. Taa ikageuka njano na bado alikuwa kwa wenzetu.

"Bwana Tveit," Seneta Hruska alimkatiza kwa upole, "zimebaki sekunde thelathini. Wewe mwenyewe je? Unaomba nini?"

"Mimi? Mimi nimekuja kwa niaba ya—"

Akaiweka karatasi mezani, ikajikunja yenyewe, akaiachia hivyo.

"Nilitoroka," alisema. "Hakuna daktari aliyenipima wakati ule, kwa hiyo sina cha kuwaonyesha. Nilimzika mdogo wangu, nikarudi kambini, wakanipa bunduki, na mikono yangu haikuweza kuishika. Sina maelezo mengine."

Taa nyekundu ikawaka. Hakuna aliyemzuia.

"Sikuja kwa ajili ya wenzangu, mheshimiwa. Nimekuja kwa ajili yangu. Nikifa, nataka mnilaze na Dag."