Mbogo Aliyengoja Risasi Sawasawa

Jumamosi asubuhi Himatlal alikuwa kwenye veranda ya nyumba yake mjini Thika, akisafisha maganda ya risasi kwa makapi ya kahawa ndani ya mashine ya kufulia nguo. Makapi hung'arisha shaba kuliko dawa yoyote ya dukani, ingawa sari za mkewe Dayaben zilikuwa zimeanza kunukia kahawa. Mashine ikiwa bado inazunguka, mbogo alifika langoni. Muthoka, askari wa lango, alimfungulia mlango mdogo, akaona pembe hazipiti, akafungua ule mkubwa.

"Mzee, uko na mgeni," Muthoka alisema.

Mgeni alielekea moja kwa moja kwenye waridi za Dayaben, akaanza kula. Himatlal alimtambua. Tumboni, upande wa kushoto, alikuwa na tundu la risasi iliyoingia vibaya, na shingoni alikuwa na panga lililozama hadi karibu na mpini, mpini wenyewe ukiwa umefungwa kwa tyubu ya baiskeli. Himatlal alikuwa amemwona mara moja tu maishani, karibu miaka hamsini iliyopita, kupitia kioo cha Land Rover, thamosi ya chai ikiwa mapajani mwake. Alizima mashine, akamwambia Muthoka amtekee maji kwenye karai.

Baba yake Himatlal, marehemu Popatlal, hakuwahi kuonja nyama wala yai. Alinunua bunduki ya magnum zamani zile uwindaji uliporuhusiwa, kwa sababu wenye mashamba makubwa walizungumza biashara wakiwa mawindoni, naye hakutaka azungumziwe akiwa dukani. Alipiga risasi kama mtu anayepungia umati mkono. Wanyama wengi wa nchi hii walifia uzeeni kwa sababu aliyewalenga alikuwa Popatlal. Ila siku moja, pande za Kilimambogo, bahati mbaya ilimwangukia mbogo huyu, akapigwa tumboni, akakimbilia kichakani.

Wawindaji wana mwiko mmoja: aliyemjeruhi mnyama ndiye anayemfuata kichakani. Popatlal aliujua mwiko huo, na alikuwa akiwaeleza wageni wake kwa ufasaha mkubwa. Siku ile alitazama kichaka, akatazama saa yake, kisha akamwamuru Macharia, aliyekuwa akimfuatia nyayo za wanyama, aingie na panga. Macharia akaingia, hakutoka. Jioni Popatlal aliwaambia polisi, na Jumapili akawaambia wazee wa kanisa la Macharia, kwamba Macharia alikuwa amelewa na hakutumwa na mtu.

Sasa, Macharia alikuwa ameokoka. Hakugusa hata muratina, pombe ya kienyeji, kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya dada yake, jambo lililowaudhi wajomba. Lakini neno la tajiri lina miguu mirefu, na kanisa likakataa kumzika mlevi. Mkewe, Wangechi, na majirani wachache walimzika kwenye shamba lao dogo kule Gatongora, karibu na ua, bila pasta na bila wimbo.

Himatlal aliyajua haya yote, maana alikuwa ndani ya lile gari. Aliyafikiria siku nzima huku mbogo akimaliza waridi na kuingia kwenye mchaichai, akafikia uamuzi kwamba kosa lilikuwa la risasi.

"Papa alitumia risasi za dukani," alimwambia Dayaben. "Zilikaa stoo na joto, zikaharibika. Nikitengeneza zangu, sawasawa kabisa, nitamaliza hii kazi yake."

"Ama useme tu vile ilikuwa," Dayaben alisema.

"Muungwana ni vitendo."

Dayaben alitoka nje kuona kama kuna ua lolote lililobaki.

Bwana Wamalwa wa ofisi ya wanyamapori alikuja katikati ya wiki. Alimzunguka mbogo, akachomeka kalamu kwenye tundu la tumboni, ikatoka na baridi ya maiti. Akaeleza kwamba sheria inawalinda wanyama walio hai, na huyu alikufa kabla ya sheria yenyewe. Kwa hiyo Himatlal angeweza kumpiga risasi, mradi awe na vibali vya bunduki na baruti. Vibali Himatlal alikuwa navyo, tena ameviwekea fremu, vinaning'inia ukutani kando ya picha ya Ganesh. Wamalwa akanywa chai, akaomba mche wa mchaichai.

Watu hudhani kutengeneza risasi ni kujaza baruti kwenye ganda. Hawajui kwamba kila bunduki ina kinywa chake, kama mama mkwe. Moja hutaka baruti pungufu kidogo, nyingine hutaka kichwa cha risasi kikae nje zaidi, na hakuna itakayokwambia inachotaka; itakuadhibu tu begani mpaka ubahatishe. Unabadilisha jambo moja, unajaribu, unabadilisha jingine. Himatlal alipima baruti yake kwa mizani ya binamu yake sonara, pumzi ameibana, madirisha yamefungwa, na ole wa mtu atakayepiga chafya chumba cha pili.

Jumapili alikwenda kulenga shabaha katika kwari ya mawe isiyotumika huko Ruiru, mbele ya mtaa wa Kimbo, ambako wazee wachache wenye leseni walikuwa na klabu yao. Mbogo alikwenda pia. Alitembea kando ya barabara kuu kutoka Thika, na kila alipotaka kuvuka alitumia daraja la waenda kwa miguu, kitu ambacho wengi wa Kimbo hawakifanyi mpaka leo. Alipofika kwenye kwari, alisimama kando ya karatasi ya shabaha, akicheua. Wazee wa klabu walimwomba asogee kidogo, akasogea.

Mwanzoni matundu ya risasi za Himatlal yalitawanyika kwenye karatasi upana wa chapati. Bega lilivimba. Dayaben alilipaka manjano kila jioni, akikandamiza kuliko ilivyohitajika.

Ni pale kwari ambapo Magdalene alimpata. Alikuwa mwanamke wa makamo anayeishi mtaa wa Landless na kuuza mitumba Kimbo, na alisikia kwa wateja kwamba kuna mbogo mwenye panga anayepita Jumapili. Kwanza alikwenda kwa mbogo, akaitazama ile tyubu ya baiskeli kwa muda. Kisha akaja kwa Himatlal.

"Habari ya leo, Mzee. Mimi ni Magdalene, wa Macharia."

"Najua. Umefanana na yeye."

"Mathe, Wangechi, anasema hiyo tyubu ni yeye aliifunga. Mzee, sikukuja na vita. Tuko na pasta mpya, kijana, mtu wa kuelewa. Ameniambia nimletee mtu mmoja tu mwenye alikuwa huko, aseme baba alitumwa, na hakuwa amekunywa. Siku hiyo hiyo ataenda kwa kaburi aombe. Mathe ako karibu miaka tisini. Hataki kitu ingine, anataka tu kusikia hiyo maombi kabla aende."

Himatlal aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kusema ndiyo, na ndiyo ilikuwa pale pale mdomoni. Lakini alimwona baba yake kwenye picha iliyotundikwa dukani, na shada la maua shingoni mwake, na wateja wanaoinamisha kichwa wakipita. Kisha akajiona mwenyewe, kijana aliyekwisha kuota ndevu, ameshika thamosi na hasemi kitu.

"Nitasema," alimwambia. "Lakini wacha kwanza nipate risasi sawa. Huyu akianguka, tutamaliza yote pamoja."

"Itachukua muda?"

"Kidogo tu. Nafikiri kichwa kimekaa ndani sana."

Magdalene alishukuru. Tangu siku hiyo alikuwa akimletea mbogo nyasi za napier, kwa sababu, alisema, mnyama hana makosa. Alipigwa akaumia, akafanya kile mbogo hufanya.

Miezi ikapita. Chapati ikawa mandazi, mandazi ikawa limau. Himatlal alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aliposimamia kiwanda cha shuka, kabla ya kustaafu. Alimweleza Magdalene kila hatua, naye Magdalene alisikiliza, akamwuliza kuhusu maombi, naye akamweleza kuhusu unyevu wa hewa. Dayaben aliacha kupanda waridi, akapanda mimea ya miiba. Mbogo akaila pia.

Hatimaye Jumapili moja risasi tatu zilipita kwenye tundu moja. Wazee wa klabu waliipitisha ile karatasi mkono kwa mkono, hakuna aliyesema kitu, na kwa wazee wale hiyo ndiyo sifa kuu. Himatlal alimpigia Magdalene simu. Wiki iliyofuata Magdalene alikuja na mama yake, Wangechi, wakamketisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya marundo ya mawe, wakamziba masikio kwa pamba.

Himatlal alilaza bunduki kwenye gunia la mchanga, akalenga moyo, akafyatua. Risasi ilipita pale pale alipotaka, haikukosea hata kwa upana wa unywele. Mbogo alitikisa sikio kama aliyeguswa na nzi, akaendelea kucheua.

Wangechi alitoa pamba masikioni.

"Umepiga vizuri, kijana yangu," alisema. "Hiyo bunduki sasa iko sawa. Haya, sema."

Himatlal alisimama. Akakohoa, akafungua mdomo, na upande wa pili wa kwari mbogo aliacha kucheua. Alikunja goti moja la mbele, akakunja la pili, polepole, kama mnyama aliyesimama siku nyingi na sasa ameonyeshwa pa kulala. Lile panga lililegea shingoni. Wote waliona, Himatlal akiwa wa kwanza.

"Kulikuwa na upepo," Himatlal alisema. "Unatoka huko Gatongora. Umeisukuma risasi."

Mbogo alisubiri kidogo akiwa amepiga magoti. Kisha akainuka, goti moja baada ya jingine, akatafuta nyasi aliyokuwa ameiacha.

Wangechi alirudisha pamba masikioni, ingawa hakuna aliyekuwa akipiga tena.

Wangechi alifariki wakati wa mvua za masika. Kanisa lilimfanyia ibada nzuri huko Gatongora, na kwaya mbili, na hema. Himatlal na Dayaben walipewa viti vya mbele, na Himatlal alikuwa amevaa suti. Pasta kijana alimwombea marehemu, kisha akafunga Biblia, akasema kaburi la mzee Macharia liko hatua chache tu kutoka pale, karibu na ua, na yeye mguu wake uko tayari. Akauliza kama kati ya waliofika kuna yeyote aliyekuwako siku ile ya Kilimambogo.

Dayaben alimtazama mumewe. Magdalene hakumtazama, alitazama miguu yake mwenyewe. Himatlal akaanza kukohoa, akakohoa sana, mpaka mama mmoja wa kwaya akamletea maji ya chupa na watu wakampigapiga mgongoni wakimwambia pole.

Pasta alingoja mpaka akamaliza kunywa, kisha akatangaza kwamba chakula kiko tayari na wageni wa mbali watangulie. Mbogo alikuwa amesimama nje ya ua na wale wanaume wasiopenda kuketi mazishini. Magdalene alimchotea maji kwenye ndoo kabla ya yeye mwenyewe kula, maana mnyama alikuwa ametoka Thika kwa miguu.