Kitakachotoka Pamoja na Jino

"Nikifumba macho, nitasema?" Fundi aliuliza kwa mara ya tatu, na kila alipouliza, shavu lililovimba lilimuuma upya.

"Utasema ukitaka," mtaalamu alimjibu. "Usilolitaka halitoki."

Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, kazi yake kuwatuliza watu kwa maneno, ile iitwayo haipnosisi. Daktari wa meno ndiye aliyemwita, maana sindano ya ganzi ilishawahi kumziba Fundi pumzi nusura afe. Nalo jino lilikuwa limeoza hadi mzizini, halikuwa la kungoja.

Fundi hakuogopa koleo. Aliogopa mdomo wake. Karibu na mlango, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mdogo wake, amepakata mikoba yao yote miwili kwa mkono wenye kovu la moto kuanzia kiwikoni. Miaka saba sasa. Duka lao la kushona liliungua siku ambayo mdogo mtu alidhani yeye ndiye wa mwisho kupiga pasi, kosa akalibeba yeye, na tangu hapo hafungi duka bila kugusa plagi mara tatu. Hajui kwamba dada yake, yaani Fundi, alirudi kwa mlango wa nyuma kunyoosha kola ya mteja msumbufu, akaitwa nje, akaiacha pasi imelala juu ya kitambaa. Moto ulipowaka, aliyejitosa ndani kuokoa vyerehani ni huyo mdogo. Siku ya kwanza Fundi alinyamaza kwa mshtuko, ya pili kwa aibu, kisha kunyamaza kukawa mazoea. Kikulacho ki nguoni mwako, na Fundi nguo zake alizishona mwenyewe.

Tena alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka juzi, kwenye tamasha, mpumbazaji mmoja wa haipnosisi mwenye koti la kumetameta alimpandisha jukwaani, akamhesabia kutoka kumi kurudi moja, akamwambia yeye ni kuku. Fundi akachuchumaa, akataga. Watu walishika mbavu, na watoto wa mtaani wakampa jina la Mama Kuku. Ikiwa yule aliweza kumtoa yai asilokuwa nalo, huyu atashindwaje kumtoa siri aliyonayo?

"Nilitaga mbele ya ukumbi mzima," alinong'ona. "Na sikutaka."

"Ulikuwa unasikia?"

"Kila kitu. Hata aliyekohoa nyuma."

"Kwa nini hukukataa?"

Fundi alifikiri. "Niliona haya. Wote walikuwa wananingoja."

"Basi yule aliichezea haya yako. Mimi nataka umakini wako tu. Ukiwa kwenye mshono mrefu, ukiitwa unasikia?"

"Mpaka nishikwe bega."

"Na sindano ikikuchoma?"

"Naiona damu kwenye kitambaa kwanza. Maumivu huja baadaye."

"Kumbe kazi hii unaijua. Twende hukohuko."

"Mdogo wangu, kasubiri nje," Fundi alisema ghafla.

"Nikuache na koleo? Thubutu! Siondoki, dada."

Mtaalamu akaanza: mguu kwenye kanyagio, kitambaa kinateleza, mshono mbele, taratibu, pumzi ndani, pumzi nje. Sauti ilienda mbali bila kupotea. Koleo likaja, na alilihisi kama mtu anayevuta kifungo kwenye nguo iliyovaliwa na mwingine. Kisha kitambaa mkononi mwake kikageuka kola. Harufu ya kuungua ikampanda puani, na lile neno la siri yake likapanda nayo hadi kwenye ulimi. Alingoja livutwe. Hakuna aliyelivuta. Lilikaa pale, lake peke yake, naye akalimeza.

Alipofumbua macho, jino lilikuwa kwenye sahani ya chuma.

"Nimesema?" aliuliza, pamba imejaa mdomoni.

"Hata neno moja," mdogo wake alicheka, machozi yakimlenga. "Umelala kama mtoto."

Alitarajia nafuu, ikaja hofu kubwa kuliko ile ya kwanza. Kumbe hakuna mtu duniani ambaye angemsemea. Daktari akawaonya: aiume pamba mpaka jioni, asizungumze. Njia nzima Fundi aliiuma kwa nguvu, akimshukuru Mungu kwa agizo lile.

Walipitia dukani kuchukua gauni la mteja. Mdogo mtu alilikunja, akazima taa, akaiendea meza ya pasi. Akaigusa plagi.

Fundi alisimama kizingitini.

Mara ya pili.

Kabla ya mara ya tatu, aliuweka mkono wake juu ya ule wenye kovu.

"Nini, dada? Unaumwa? Daktari amesema usiongee."

Fundi akaitoa pamba mdomoni.