Redio Akisema Kushoto

Gari lenyewe lilifika kwa kuvutwa. Lilikuwa dogo, jeupe, la duara kila upande, na mtaa ukaliita Kidonge hata kabla kamba haijafunguliwa. Milango ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ukikaa ndani unaona nje bila kushusha kioo. Injini ilikuwa ndogo mno. Kuna pikipiki zingeionea huruma. Lakini ukiinama chini ulikuta jambo la heshima: difu mbele, difu nyuma, na pembeni mwa gia kijiti cha pili cha kuyaamsha magurudumu yote manne. Namba Kumi aliinama, akachungulia, akainuka magoti yakimlia.

"Linafaa," akasema.

Hakuna aliyemjibu, maana aliyelivuta alikuwa ameshaondoka zake na uwanjani hapakuwa na mtu mwingine.

Jina la Namba Kumi lilitokana na spana. Spana namba kumi haikumtoka mfukoni, na alishikilia kwamba hakuna nati duniani isiyokubali kubembelezwa nayo, hata ile ya namba kumi na mbili. Mkewe walimwita Redio, na jina hilo halihitaji maelezo. Alikuwa mwanamke mfupi aliyeamka akiongea, akapika akiongea, akalala katikati ya sentensi na asubuhi akaendelea pale pale alipoishia. Alifariki mwaka juzi. Nyumba ikabaki na kimya cha kumtoa mtu nje. Watu walisema atazoea. Watu husema mengi.

Kulikuwa na siku moja tu katika mwaka ambayo Namba Kumi bado alijua afanye nini nayo, nayo ni siku ya Mbio za Mikweche. Masharti yake yalikuwa machache: gari liwe la bei chee, la magurudumu manne yanayovuta, liungwe nyumbani na mwenyewe, na ndani wawemo watu wawili, dereva na msomaji. Msomaji hupewa karatasi yenye mishale ya njia, mashambani huko, na dereva haruhusiwi kuigusa. Mshindi huondoka na ekzosi kuukuu iliyopakwa rangi ya dhahabu, na sijasikia mtu aliyevunjika mguu kwa kuitamani. Watu huenda kuchafuka na kucheka. Namba Kumi na Redio walikwenda miaka ishirini na sita bila kukosa, kila mwaka na mkweche wake.

Mwaka uliopita hakwenda. Asubuhi alivaa viatu, akakaa kitandani, jioni akavivua. Sasa alijijua vizuri: akikosa na safari hii, basi, hatarudi tena, na hapatabaki mahali popote ambapo watu wakimwona wanapunga mkono. Ndiyo maana akamnunua Kidonge.

Kazi aliifanya sawasawa, hilo tusimnyime. Aliinua bodi kwa vipande vya chuma juu ya springi, akakata madigadi ili tairi kubwa zipate nafasi ya kuzunguka. Tairi zenyewe zilikuwa nne za ukoo tofauti, lakini zenye meno. Alichukua pipa la mafuta, akalipasua, akalinyoosha kwa nyundo siku nzima, likawa bamba la kukinga tumbo la injini. Alichukua bomba la plastiki la maji, akalipandisha kutoka kwenye injini hadi juu ya paa, ili Kidonge avute pumzi hata akiogelea. Reli za kiti cha msomaji zilikuwa zimekwisha kwa kutu, kwa hiyo kiti alikichomelea moja kwa moja sakafuni. Mara kwa mara, akiwa chini ya gari, aliutoa mkono nje na kuuacha wazi, akingoja kupewa spana. Mkono ulikaa hapo kidogo, kisha ukarudi mtupu.

Sasa, kuna siri hapa ambayo Namba Kumi hakuwahi kumwambia mtu. Redio, pamoja na ulimi wote ule, alikuwa hajui kushoto na kulia.

Aliligundua hilo mwaka wa kwanza, ndoa ikiwa na wiki tatu. Walifika njia panda, Redio akapiga kelele "Kushoto!", yeye akakata kushoto, na gari likazama kwenye tope hadi milangoni. Waliposhuka kusukuma, alichungulia karatasi mkononi mwa mkewe. Mshale ulielekea kulia. Akanyamaza. Ndoa ya wiki tatu si ya kuanza kukosoana. Njia panda iliyofuata Redio akasema tena "Kushoto!", naye akakata kulia, na ikawa ndiyo njia. Tangu hapo, akiambiwa kushoto anakwenda kulia, akiambiwa kulia anakwenda kushoto, na hawakupotea tena. Redio akatamba mtaa mzima kwamba msomaji kama yeye hajazaliwa. Namba Kumi alikuwa akitikisa kichwa kukubali, na moyoni alijiona mume bora.

Nje ya mbio halikuwa tatizo. Mjini njia alizijua mwenyewe, na nyumbani Redio alisema "huku" na "kule" kama watu wote. Mara moja tu alimsikia akimwelekeza mgeni kwenye simu, "Ukilipita duka shika kulia," na mgeni akafika moja kwa moja. Namba Kumi alishangaa. Leo kabahatisha, akajisemea.

Basi, msomaji. Wa kwanza kumjaribu alikuwa jirani yake, fundi viti, mtu wa maneno mengi na tumbo la kadiri. Walitoka na Kidonge kwenye barabara ya vumbi nyuma ya soko.

"Mbona magoti yangu yanagonga dashibodi?" fundi viti akauliza.

"Gari dogo."

"Haya. Kulia hapo mbele."

Namba Kumi alisikia vizuri kabisa, na mikono yake ikakata kushoto. Kidonge akaenda kusimama na pua ndani ya mtaro.

"Nimesema kulia!"

"Nimekusikia."

"Sasa?"

Sasa angesema nini? Angeweza kumwomba ayageuze maneno, lakini mwenzake angeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa kumwanika Redio, tena wakati hawezi kujitetea, yeye ambaye akiwa hai alimjibu kila mtu. Fundi viti akashuka, akarudi kwa miguu, na kufikia mchana hadithi ilikuwa imeshafika kwa kinyozi, na huko ikatiwa chumvi ya kutosha. Wawili wengine aliowafuata walikumbuka ghafla kwamba Jumamosi wana shughuli.

Akabaki binti yake. Binti alifanya kazi ya kupima damu katika hospitali ya mji mwingine, na simu zao zilikuwa fupi. Umekula? Nimekula. Kazi? Nzuri. Haya. Zamani Redio ndiye aliyeongea na wote wawili, na baba na mwana walizoea kupitia kwake. Alipoondoka, hawakujua pa kupitia.

Siku hiyo, baada ya "haya", Namba Kumi hakukata simu.

"Mbio ni Jumamosi," akasema.

"Najua, Baba."

"Gari liko tayari." Akaongeza: "Kiti kimoja hakina mtu."



"Nitapanda basi la Ijumaa," binti akasema.

Alifika na mkoba mmoja, mrefu kama baba yake, akalizunguka gari, akacheka bomba la paani, kisha akajaribu kuingia. Magoti yalimpanda hadi karibu na kidevu.

"Baba, kiti hiki ulimpimia nani?"

Namba Kumi alikitazama kiti. Alikichomelea bila kuchukua futi. Mikono ndiyo iliyojua kiende wapi. Kilikuwa karibu kabisa na dashibodi, pale ambapo mwanamke mfupi angekanyaga sakafu vizuri na kuona njia.

"Nilete grainda," akasema. "Nikikate, nikisogeze nyuma."

"Kiache," binti akasema. "Nitajikunja."

Jumamosi asubuhi, kwenye foleni ya kuanzia, watu walimpungia mkono. Mmoja akamwita kwa jina, mwingine akapiga honi isiyolia vizuri. Hakuna aliyeuliza kitu, na alishukuru. Alikuwa ameshika usukani kama anayeuonya. Alikuwa ameamua: leo kushoto ni kushoto. Alijirudia hivyo tangu kunawa uso. Mtoto kapanda basi siku nzima kwa ajili yake, asimtumbukize mtaroni.

Kamba ikashushwa, Kidonge akaondoka akikohoa, na njia panda ya kwanza ikafika upesi kuliko alivyotaka.

"Kushoto!" binti akaita.

Mikono ikakata kulia. Namba Kumi akajikunyata, akingoja kelele.

"Vizuri," binti akasema, akiteremsha kidole kwenye karatasi. "Sasa mlima, halafu kulia."

Walipanda mlima. Akakata kushoto. "Vizuri," akasema tena. Wakapita bonde la mawe, bamba la pipa likigongwa mpaka likaimba. Wakaingia mtoni, maji yakafika kwenye taa, na bomba la paani likavuta hewa kama lililotumwa. Kila njia panda alikosea, na kila akikosea alikuwa sawa. Hakuelewa, na aliogopa kuelewa.

Wakitoka mtoni, gurudumu la nyuma likakwama kwenye gogo. Binti akaruka chini kutafuta mawe ya kuliwekea, karatasi ikabaki kitini. Namba Kumi, kwa mara ya pili katika maisha yake, akachungulia. Kidole chenye tope kilikuwa kimeacha alama kwenye njia panda ya mwisho. Mshale ulielekea kushoto. Na mtoto alikuwa amesema kulia.

Alipatwa na furaha hata ikabidi ashike mlango. Kumbe amemrithi! Urefu ni wa baba, lakini hili ni la mama yake, lote, halijapungua. Alishuka akajiunga naye kwenye mawe. Angeweza kunyamaza kama alivyonyamaza siku zote, lakini mtu anayeshika sindano na mikono ya watu hawezi kuachwa hivihivi.

"Mama," akamwita, kama alivyomwita tangu mdogo, "nikwambie kitu, usikasirike."

"Niambie."

"Unachanganya kushoto na kulia. Si kosa lako. Mama yako alikuwa hivyohivyo. Mimi nilikuwa nageuza tu, kimyakimya, miaka yote. Sikumwambia asije akaumia."

Binti alisimama na jiwe mkononi, maji yakimchuruzika kwenye suruali.

"Baba," akasema polepole, "Mama aliniambia ni wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye hujui kushoto na kulia. Aliniambia akiwa hospitali. Alisema mwaka wa kwanza alikwambia kulia, ukaenda kushoto, mkazama kwenye tope. Akaona asikuaibishe, ndoa bado changa. Njia panda iliyofuata akayageuza maneno, ukaenda sawasawa. Akaniambia, 'Siku ukimsomea baba yako, geuza. Na usimwambie, ataumia.'"

Mkweche mmoja ukawapita, ukawarushia tope na salamu. Namba Kumi alikaa juu ya bampa. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichokuwa hakijatoka mwaka na zaidi, kikatoka na machozi, na waliokuwa wakipita walidhani gari limemfia. Binti akaweka jiwe chini, akakaa kando yake, akacheka naye.

Kicheko kilipoisha, alijaribu kukumbuka. Siku ile, njia panda ile ya kwanza: Redio alisema nini hasa? Miaka yote aliapa alisema kushoto. Sasa alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyoisikia sauti yenyewe, kubwa, ya furaha, imejaa gari zima. Ila neno halikusikika. Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja. Wangebishana hadi mbio za mwaka ujao, na asingeshinda, na hakuna kitu alichokitaka duniani kama kushindwa ubishi huo. Akafuta uso kwa mkono wenye grisi, akauharibu zaidi.

"Twende," akasema.

Waliliinua gurudumu, Kidonge akatikisika, akatoka. Binti alijikunja kitini, akakunjua karatasi.

"Sasa nisome vipi?" akauliza. "Kama Mama, au kama karatasi?"

Namba Kumi alikisukuma kile kijiti cha pili mpaka magurudumu yote yakashika.

"Kama Mama."

Njia panda ilikuwa juu ya kilima, na watu walikuwa wameanza kuonekana ng'ambo, wakipunga. "Kushoto!" binti akaita. Namba Kumi akakata kulia, njia ikafunguka mbele yao, naye akageuka upesi, mdomo wazi, kumwambia Redio: kumbe! Kitini alikuwa binti yake, magoti kidevuni, akiitazama karatasi.