Makinda wa Chuoni Hawashuki

Mama mwenzangu mwenye kijana wa kazi za ngazi, hii nakuandikia wewe.

Mimi nauza uji getini kwa chuo kimoja hapa Shinyanga mjini. Juu kabisa, kwenye pembe ya paa la ghorofa ya tatu, mwewe wamejenga. Dume analeta panya, jike anachanachana nyama na kulisha makinda wawili. Wanafunzi wanakunywa uji wangu shingo zimepinda juu. Mimi siwapendi hao ndege. Vifaranga vyangu nimevipaka rangi ya zambarau ili waviogope, na bado wamebeba vinne. Kwa hiyo mtu asiseme namtetea mwewe.

Jumanne akaja Theonest. Ana shimo la dhahabu kule Katoro, wenyewe wanaita duara. Mganga wake kamwambia hakuna anayeona mbali kama mwewe. Azike kinda hai mdomoni mwa duara, dhahabu itajionyesha. Akamfuata mwanangu Edson, fundi rangi anayepaka kuta za chuo hicho hicho, akamwahidi pikipiki.

Mwanafunzi mmoja alikuja mbio kuniambia. Nilipofika, Edson alikuwa ameshavuka madirisha ya ghorofa ya kwanza, gunia begani, na jike la mwewe linamshukia kichwani.

"Edson! Shuka!"

"Mayu, mama yangu, niache. Ni ndege tu."

"Mwache kijana atafute maisha, mama," Theonest akacheka. "Au unataka arithi sufuria ya uji?"

"Baba, na wewe si una miguu miwili?" nikamjibu. "Panda mwenyewe."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Nikakaza kitenge, nikavua ndala, nikashika ngazi. Nikapanda. Ngazi ikatetemeka.

"Mayu, utaanguka!"

"Tutaanguka wote. Ukiongeza hatua, naongeza."

Akaongeza moja. Nikaongeza moja. Akatazama chini, akaona sirudi.

"Leo anataka kinda," nikamwambia. "Dhahabu isipotoka, mganga atataka kikubwa zaidi ya kinda. Na Theonest ameshajua nani wa kumtuma. Siku hiyo utamletea nini, mwanangu?"

Gunia likapita pembeni ya bega langu, likatua chini.

"Tangulia kushuka, mayu. Nakuja."

Theonest akatema mate. "Maghorofa yako mengi. Na vijana wenye shida hawaishi." Akaondoka.

Edson hasemi nami tangu siku hiyo. Anakula, anaosha mikono, anatoka. Sawa. Anune, miguu yake mizima na mikono yake haina damu ya mtu.

Theonest sasa anaulizia vijana wa ngazi huko Ushirombo. Wa kwako akikubali, usikae chini kumwita kwa upole. Mfuate juu. Atakununia, mwache anune.