Mkate Uliolazwa Kifudifudi

Ishara ile ya hatari ilichaguliwa na wanaume watupu, na lawama zangu zinaanzia hapo. Miaka ile Wajerumani walipoikalia Ufaransa, walikaa kwenye karakana ya mfumaji mmoja hapa mlimani kwetu Lyon, wakavuta tumbaku ya kuokoteza, wakakubaliana: ukiona mkate umelazwa kifudifudi kwenye meza ya dirishani mgahawani kwa Mama Perrachon, usiingie. Pita zako. Hakuna aliyejiuliza mwenye mgahawa ni mtu wa namna gani. Mama Perrachon hakukata mkate hata siku moja bila kuuchora kwanza msalaba kwa ncha ya kisu, na mkate uliopinduka ulimkera kuliko panya jikoni.

Tena hakuambiwa lolote. Mwanawe Firmin alikuwa msituni na wapiganaji, ila mama alidanganywa kwamba kijana amepelekwa kiwandani Ujerumani. Aliyejua yote ni Solange, mke wa Firmin, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipokea watu pale na kupitisha habari. "Mama hana kifua," alikuwa akisema. Sawa, lakini mtu usiyempa siri atakuonyeshaje kifua chake?

Asubuhi moja ya Februari wakaingia wawili: Mjerumani mwenye koti la ngozi, na Rostaing, Mfaransa mwenzetu, mmoja wa wanamgambo waliokuwa wakituwinda kwa niaba ya wageni. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakaagiza kahawa ya shayiri, wakakaa kwenye kona isiyoonekana kutoka nje, bastola mapajani.

"Endelea na kazi, dada," Rostaing akamwambia Solange. "Tumeambiwa kuna mkubwa wenu anakuja hapa leo. Sura yake hatuijui, lakini hatuna haraka."

Aliyekuwa njiani ni Firmin. Solange akafuta meza ya dirishani, na katika kufuta akaulaza mkate kifudifudi.

Mama mkwe akatokea jikoni na sufuria ya supu ya tanipu.

"Yesu wangu! Nani kaulaza mkate hivi?" Akaugeuza. "We Solange, kwenu mlilelewa na mbuzi? Huu ni mkate wa mkata vichwa! Waokaji walikuwa wanamtengea wake hivihivi, mwingine asiuguse. Unamwita nani humu ndani?"

"Samahani, mama. Mkono umeteleza."

"Basi usiteleze tena."

Akarudi jikoni. Solange alingoja Mjerumani awashe sigara, akapitisha kitambaa tena, mkate ukalala tena. Mjerumani hakuona kitu, kwake mkate ni mkate. Lakini Rostaing alilelewa na bibi kama sisi sote, na makofi ya kulaza mkate vibaya aliyala.

"Mara mbili?" akasema huku akiinuka. "Mwanamke gani wa kwetu anaulaza mkate mara mbili, na mama mkwe kashafoka?" Akaugeuza kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwita Mama Perrachon. "Bibi, ahsante. Usingeugeuza mara ya kwanza, nisingeijua alama yao, ningetoka hapa kapa. Sasa simama hapo. Mgeni akiingia na mkapiga kelele, huyu mkamwana wako naanza naye." Akarudi kwenye kona yake.

Mama Perrachon akamtazama Solange, akaelewa. Kuna mtu anakuja kufa, na mkono uliomfungulia mlango ni wake. Ni mtu gani, hakujua.

Mlango ukafunguka. Aliingia Firmin, amekonda, na masharubu mapya, miguuni viatu vya mbao vya vibarua wa shamba. Masharubu yatamficha mtu kwa polisi, si kwa aliyemzaa. Firmin naye akawaona wale wawili wa konani. Kuhusu mkate kugundulika hakujua. Alidhani ni msako wa kawaida, na kwamba akijifanya mpita njia mke na mama watasalimika.

"Habari za asubuhi, bibi," akamwambia mama yake. "Naweza kupata supu?"

Mama Perrachon aliniambia mwenyewe kwamba hapo moyo ulimruka kwa furaha, kwamba kijana hajui kitu na bado anaweza kutoka, hata kama Solange atabaki, na furaha hiyo hajaisamehe mpaka leo.

"Kuponi za mgao unazo?"

"Za mkate tu."

"Basi katafune hizo kuponi. Supu ya bure hapa hakuna!"

Rostaing akasogea, akatazama kitambulisho: Émile Gaudry, kibarua. "Bibi, unamfahamu huyu?"

"Nimfahamu wapi? Kila siku wanakuja hawa, tumbo mbele, mfuko mtupu." Akamzaba mwanawe kofi la nguvu. "Toka! Nenda kaombe kwa padri!"

Petro alimkana bwana wake ili aokoke yeye. Huyu alimkana mwanawe ili mwana aokoke, na mkamwana anamtazama. Rostaing akacheka. Aliyekuwa akimngoja ni mkubwa wa mjini, si mwenye njaa wa viatu vya mbao.

"Nenda, kijana, kabla hajakumwagia sufuria."

Firmin akatoka, akashuka ngazi za mtaa bila kugeuka. Walingoja mpaka jua likashuka, hakuja mwingine. Wakamchukua Solange. Kwa neno moja tu angeweza kujinunua, na hakulitoa, si siku ile wala siku zilizofuata. Alipandishwa treni ya kwenda mashariki, kwenye kambi za Wajerumani. Hakurudi.

Firmin alirudi mji ulipokombolewa, anacheka, ana bunduki begani, anamwita mkewe tangu mlangoni. Huko msituni hakuna aliyemwambia. Mama akamketisha, akamweleza yote, asijipunguzie hata neno. Mimi nilikuwepo, nilishindwa pa kuweka macho.

Firmin akaitua bunduki sakafuni.

"Mama," akasema, "ungenikonyeza tu. Ningejua kwamba wameshamkamata. Nisingetoka, ningekufa naye."

"Najua, baba," akasema Mama Perrachon. "Ndiyo maana nikakufukuza."