Tarehe ya Ushindi

Kanisa alilosali Micheline, lile linaloshikilia mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu, juu kidogo ya soko, lilikuwa na utaratibu wake wa ushuhuda, na utaratibu huo haukuwa na mchezo. Mtu aliyetoka katika shida alipanda mbele, akataja jina lake, akasema adui alimkamatia wapi, kisha akataja tarehe ya ushindi. Bila tarehe, katibu Adalbert hakuandika kitu. Aliinua kalamu na kungoja, miwani kwenye ncha ya pua, mpaka mtu akumbuke siku hasa aliyopona, hata kama alikuwa amepona polepole kama wengi wetu tunavyopona. Kila mwaka tarehe hiyo ilipofika, mtu alirudi na shukrani yake na kanisa lilipiga vigelegele. Ni desturi nzuri, usifikiri naidharau. Lakini ilikaribia kumuua Emmanuella.

Emmanuella alikuwa mdogo wake Micheline, na Bukavu nzima ilimjua. Nyimbo zake zilipigwa kwenye moto, zile pikipiki za abiria, tangu alfajiri, wauza sambaza walizifuatisha wakipanga samaki wao, na watu ambao hawakanyagi kanisani mpaka wafiwe walizijua ubeti kwa ubeti. Mume wake alikuwa Shabunda, kwenye machimbo ya dhahabu, akirudi pale alipokumbuka kwamba ana watoto wawili. Kwa hiyo mambo yote ya Ema yalikuwa mikononi mwa dada yake. Micheline ndiye aliyeshika ajenda, ndiye aliyepokea simu, ndiye aliyekubali arusi, misiba na mikutano ya injili. Hata ujumbe wa mashabiki aliujibu yeye, akijifanya Ema. Aliyafanya hayo kwa upendo, hilo halina ubishi. Mama yao alipofariki, Micheline alikuwa na miaka kumi na tisa na Ema tisa, na tangu siku hiyo mkubwa, yaya kama Ema alivyomwita, alimsemea mdogo kila mahali, shuleni, kanisani, mpaka kwa wakwe.

Shida yenyewe ilianza na pikipiki. Siku ya mvua moto iliteleza kwenye mteremko, Ema akavunjika mfupa wa bega, wakampa tramadol kwa ajili ya maumivu. Mfupa ukaunga, vidonge vikabaki. Aligundua kwamba akimeza viwili anaimba ibada tatu mfululizo bila kuchoka, na bila ile hofu iliyokuwa ikimkaba koo kila alipoona umati. Viwili vikawa vinne, vinne vikawa hesabu aliyoijua mwenyewe. Tusimfiche Micheline: aliona. Aliona mdogo wake anajikuna shingo, anasinzia akiwa na kijiko mkononi, anafoka bila sababu. Lakini ajenda ilikuwa imejaa, na sauti ilikuwa haijawahi kuwa nzuri kiasi hicho, basi akafumba macho.

Mpaka siku ya mkutano wa Uvira. Ema alianguka jukwaani katikati ya wimbo, mwili mzima ukitupwa huku na huku, povu mdomoni. Simu zilikuwa zimeinuliwa kumrekodi. Jioni hiyohiyo Bukavu yote ilikuwa imeona.

Kanisa halikumtupa. Walimzunguka kwa maombi siku tatu, wamama wakilala naye kwa zamu, na siku ya tatu Ema alikaa, akanywa uji, akatabasamu kidogo. Hilo likatosha. Pasta Jean-de-Dieu, mtu mwema asiyejua kungoja, akasema Jumapili atoe ushuhuda. Ema alisema bado mikono inamtetemeka. Micheline akamtuliza, akachukua karatasi, akamwandikia ushuhuda wote kwa mkono wake. Tarehe akaiweka yeye: kumi na nne Septemba. Mialiko ilikuwa imeanza kufutwa, na alitaka watu wasikie haraka kwamba mambo yamekwisha. Ema akausoma neno kwa neno. Watu walilia, walicheza, Adalbert akaandika.

Mwaka ukakaribia kutimia. Pasta akatangaza sherehe ya kumbukumbu, na baada yake mafundisho kwa vijana wa Kadutu wanaotaka kuwa waimbaji, wachezaji wa mpira, watu wa kujulikana. Kitambaa kikubwa kikatundikwa barabarani: Emmanuella, masomo ya kazi na maisha. Nani aliyaandika masomo hayo? Unamjua. Micheline aliandika matano, la kwanza likiwa nidhamu.

Alhamisi kabla ya sherehe alikwenda kwa mdogo wake kumsomea. Ema alikuwa uani anafua. Micheline, ambaye hawezi kukaa kwenye nyumba ya mtu bila kupanga kitu, akaanza kutandika kitanda, na alipoinua godoro akakuta plaketi za vidonge. Kumi na moja zilikuwa tupu, mbili nzima. Akakaa palepale kitandani.

Ema aliingia akipangusa mikono yenye sabuni. Aliona godoro, akaona mikono ya dada yake, akaegemea mlango.

"Ema, hii ni nini?"

"Si unaona."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu octobre."

"Octobre gani? Tuko septembre."

"Octobre ya mwaka wa ushuhuda, yaya."

Micheline alihesabu miezi kimoyomoyo na kila mwezi ulimchoma. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia namna gani? Kanisa yote inajua nilipona quatorze septembre. Iko mu kitabu. Mutu akishapona, anarudia kusema nini?" Ema aliongea polepole, bila hasira, na hilo lilimuumiza Micheline zaidi. "Nilienda kwa infirmier moja, muuguzi, ku barabara ya Miti. Akanieleza vizuri. Akasema haiachwake siku moja, inaomba miezi, anakupunguzia kidogo kidogo, unarudi kila wiki, siku ya mardi. Nikafurahi. Natoka pale, mutu wa moto ananitambua. Ananiambia, maman Ema, unagonjwa tena? Si ulipona? Nikamujibu nilikuja kusalimia mutu. Sikurudiake tena."

"Mungu wangu."

"Na wiki mbili zilizopita nilianguka mu kuisini. Ile ya Uvira. Mutoto yangu mukubwa njo alinishika kichwa mpaka ikaisha. Infirmier alikuwa ameniambia, ikirudia rudia, siku moja nitabakia mule." Akaziangalia zile plaketi. "Yaya, mulinitolea ushuhuda kabla nipone."

Sasa sikiliza jambo ambalo Micheline angetoa chochote lisingetoka kinywani mwake. Mdogo wake amemwambia kwamba anaweza kufa, na yeye akauliza habari za Jumapili: "Na dimanche je?"

Ema alimtazama, akachukua beseni lake, akarudi uani kufua.

Micheline alishuka mteremko akiwa hasikii salamu za watu. Alijichukia. Alifika kwake, akachana masomo matano, akakaa siku mbili akiandika upya. Safari hii, alijiambia, nitasema ukweli wote: vidonge, miezi, kuanguka jikoni. Jumamosi akarudi kumweleza Ema alivyokata shauri, akitegemea kukumbatiwa.

"Sawa," Ema alisema. "Utasema tena wewe."

"Sasa nani atasema?"

Ema alimpa mgongo, akaendelea na kazi yake. Micheline alilichukua jibu hilo kama ruhusa.

Jumapili kanisa lilifurika mpaka madirishani. Vijana walijaa viti vya nyuma, daftari magotini, tayari kuandika masomo. Pasta alimkabidhi Micheline kipaza sauti amtambulishe mdogo wake. Akafunua karatasi yake. Mstari wa kwanza ulisema, Emmanuella hajapona. Akainua macho amwone Ema kwenye benchi la mbele, na alimwona: mikono katikati ya magoti, kichwa chini, uso uleule aliokuwa nao akiwa na miaka tisa, kwenye ofisi ya mkuu wa shule, wakati Micheline akieleza kwa niaba yake kwa nini amekuja bila viatu. Mtoto yule alijua kwa nini hana viatu. Angeweza kusema. Hakuna aliyemngoja aseme.

Micheline akaikunja ile karatasi.

"Bapendwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile tarehe, ni mimi niliichagua. Ema hakuniambiaka kama amepona. Alisema bado anatetemeka. Mimi nikaandika ushuhuda, yeye akasoma, juu nilikuwa na haya, na juu batu balianza kukataa kumualika. Nilidanganya hapa, mbele ya Mungu na mbele yenu. Hiyo ni zambi yangu. Ya Ema sitasema. Anajua kusema."

Mtu mmoja nyuma akasema "Amen" kwa mazoea, kisha akaimeza iliyofuata. Adalbert alivua miwani yake akaiweka mezani. Micheline alitaka kumpelekea Ema kipaza sauti, tayari alikuwa amepiga hatua moja, akajizuia. Akakiweka juu ya meza, akashuka, akakaa.

Hakuna aliyeinuka. Pasta aliwaashiria wanakwaya waanzishe wimbo wa kufunika aibu, lakini Micheline akatikisa kichwa kwa nguvu hivi kwamba mpiga kinanda akaondoa vidole. Wakangoja. Kanisa lile halikuzoea kungoja, na lilikuwa linateseka.

Mwishowe Ema alisimama, akapanda.

"Mi sijapona," alisema. "Asubuhi hii nilimeza mbili ili niweze kusimama hapa."

Mnong'ono ukapita kutoka benchi hadi benchi. Akauacha upite.

"Nilianguka tena. Siku ingine naweza anguka na nisisimame. Muliniomba masomo ya vijana. Niko na moja tu. Mutu akikuambia amepona, mushangilie, hakuna mubaya. Lakini kisha mwezi moja umuulize tena. Mimi, mwaka muzima, hakuna mutu aliniuliza. Bote banasema sauti yako iko muzuri. Iko muzuri, ndiyo. Nilikuwa naimba muzuri na nilikuwa nakufa." Akapumua. "Mardi narudi kwa infirmier, kule ku barabara ya Miti. Nikienda peke yangu nitageuka njiani, najijua. Naomba mutu moja anisindikize."

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Micheline. Uliinuka kabla hajafikiri, kama ulivyokuwa ukiinuka miaka yote.

Ema alimwangalia kwa upole mwingi. "Hapana, yaya," alisema. Alitaka kusema chinichini, lakini kipaza sauti kilimpokea na watu wote wakasikia. "Wewe utamujibu infirmier ku nafasi yangu."

Wachache walicheka, si kwa ubaya. Micheline hakucheka. Aliushusha mkono, akaufunika kwa mkono wa pili, na machozi yakamtoka mbele ya kanisa zima. Aliona wivu, tuseme lilivyo. Alimwonea wivu mtu ambaye bado hajajitokeza.

Naye alijitokeza, kutoka benchi la mwisho. Ni Consolate, muuza sambaza, mama ambaye katika miaka sita ya kusali pale hakuwahi kufungua mdomo ila kuimba. "Mi nitaenda," alisema. "Na mardi ingine, na ingine. Bwana yangu alikufa na pombe, nilikuwa naambia batu anagonjwa malaria." Kisha akakaa haraka, akavuta kitenge chake mpaka puani.

Vijana wa nyuma hawakuwa wameandika kitu. Pasta Jean-de-Dieu alitaka kuomba, akaanza, kisha akakatiza, akaketi.

Jumanne asubuhi Micheline alibaki na watoto wa Ema. Aliwaona wale wawili wakipanda moto moja pale kona, Consolate nyuma amemshika Ema kiunoni kwa mikono yote miwili, na alipiga moyo konde asikimbie kuwaeleza njia. Alipika uji. Aliangalia saa, akaangalia tena. Simu ya kazi, ambayo zamani haikuacha kulia, ilikuwa kimya tangu Jumapili, na mialiko minne ilikuwa imefutwa kwa ujumbe mfupi wa heshima.

Karibu na adhuhuri ililia. Alikuwa Pasta.

"Maman Micheline, nilikuwa nauliza tu," alisema, kama mtu anayejaribu viatu vipya. "Ema anaendelea namna gani?"

Micheline alifungua mdomo kumwambia kwamba Ema anaendelea vizuri kabisa, na kwamba anawasalimu wote. Maneno yalikuwa tayari ulimini, kama kawaida. Aliyarudisha.

"Sijue, Pasta," akasema. "Saa kumi atakuwa amefika. Umuulize ye mwenyewe."